Samaki wa Tanganyika: rangi inadanganya, mahali njo kunasema kweli

Kila muchimbaji anajua: si kila jiwe jeusi ni koltani. Ukileta mufuko wa mawe meusi ku kontwari ya Goma na kusema "angalia tu rangi", munegosian atacheka. Yeye atapima uzito mu mukono, atasugua jiwe ili aone unga wake, ataweka sumaku, na mwisho atauliza: hii imetoka wapi? Kuna turmalini nyeusi, kuna kasiterite nyeusi, kuna wolframu. Yote ni meusi, lakini bei si moja, na mwenye kukosea jina anaweza kupoteza kazi ya juma nzima.

Leo tunaandika juu ya mali ingine ya inchi yetu yenye kufuata sheria ileile. Haichimbwi mu shimo. Inaogelea. Ni samaki wadogo wa rangi wa Ziwa Tanganyika, wale ambao watu wa Ulaya, Amerika na Japani wananunua hai, si kwa kula, lakini kwa kuwafuga mu nyumba. Wengi kati yao wanatoka ku mawe ya upande wa Congo: kusini ya Uvira, mu Fizi, Kalemie, Moba. Huko ngambo wanabeba majina ya vijiji vyetu. Lakini sisi wenyewe, mara mingi, hatujui kuwatofautisha. Na mutu asiyejua jina la mali yake, mwingine njo anamupangia bei.

Nani ananunua samaki asiyeliwa?

Mu Kiwanja, samaki tunaojua sana ni wa Ziwa Edward, wanaopanda toka Vitshumbi na Nyakakoma. Samaki anapimwa kwa nyama yake: munene ni bei kubwa, mudogo ni bei ndogo. Kwa hiyo mutu akisikia kwamba kuna samaki wa urefu wa kidole ambaye anapandishwa ndege, akiwa hai mu mufuko wa plastiki wenye maji na hewa, anaona ni mambo ya kuchekesha.

Lakini fikiria sanduku kubwa ya kioo, imejaa maji, iko na taa juu, mawe na muchanga chini, na mashini ndogo ya kusafisha maji. Wanaiita akwariamu. Mwenye nyumba anarudi kazini, anakaa mbele yake, anaangalia samaki namna wanavyopigana, wanavyooana, wanavyochunga watoto. Kwa watu wengi huko, hiyo njo televizioni yao. Na hawataki samaki yeyote tu. Wanataka huyu wa mahali fulani, si yule wa mahali pengine.

Kuna wanaofuga viumbe vya bahari, mu maji ya chumvi. Hao wako na hangaiko la kutambua anemoni, kiumbe cha bahari kinachofanana na ua lenye vidole vingi, kinachoshikamana ku jiwe. Pwani ya Kenya na Tanzania anemoni ni wengi, na kuna samaki wadogo wanaojificha ndani ya vidole vyake bila kuchomwa. Anayenunua anemoni kwa kufuata rangi anaumia: sehemu ya rangi hiyo inatoka kwa majani madogosana yanayoishi ndani ya nyama ya anemoni, na akiteswa mu safari, anayapoteza na kuwa mweupe. Anaonekana muzuri kama theluji, kumbe ni mugonjwa. Njo maana wenye kujua wanaangalia muguu wake, mwili wake, na umbo la vidole, na wanauliza alikuwa ameshika jiwe ao amejizika mu muchanga. Tena wanaangalia kama ni aina ile inayoweza kumeza samaki wenzake wa sanduku.

Tanganyika si bahari, lakini ndugu ya anemoni iko ndani yake. Ni kiwavi kidogo cha maji, kipana kama santimetre mbili, laini kama utelezi, wataalamu wanakiita Limnocnida tanganyicae. Mwaka wa 1883, Mujerumani Richard Böhm alikiona mu ziwa. Watu wa sayansi walishangaa sana, kwani walizoea kuona viumbe vya namna ile mu bahari. Muingereza J. E. S. Moore alikuja mwaka wa 1896, akarudi tena mwaka wa 1899, akitaka kuonyesha kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya zamani kilichobaki mu inchi kavu. Wazo lake lilikataliwa kisha. Lakini ndani ya vyombo vyake alibeba samaki mpaka London, na hapo njo hadisi ya majina inaanza.

Ziwa moja, aina zaidi ya mia mbili

Kwanza tuelewe ziwa lenyewe. Tanganyika iko na urefu wa karibu kilometre 670, na kina kinafika metre 1,470. Mu dunia yote, ni Ziwa Baikal la Urusi tu linalopita kwa kina. Inchi nne zinaligawana: Congo karibu 45 kwa mia, Tanzania karibu 41, Burundi 8, na Zambia 6. Kwa hiyo sehemu kubwa kuliko zote ni yetu.

Ziwa hili lina miaka mamilioni, karibu 9 mpaka 12. Mu muda huo wote, jamaa moja ya samaki, jamaa ya sikilidi, ilizaa aina zaidi ya 200. Sikilidi njo jamaa ya tilapia tunayekula. Kuhe, ule munene wa Uvira na Kalemie, naye ni sikilidi. Karibu aina zote hizo hazipatikani fasi ingine yoyote ya dunia.

Sababu gani wengi vile? Sababu moja ni mawe. Kando ya ziwa kuna kipande cha mawe makubwa, kisha muchanga, kisha mulango wa muto wenye matope, kisha mawe tena. Samaki wa mawe, kama ule anayeitwa Tropheus, haachi mawe yake. Hapiti muchanga mupana, haendi mu maji ya katikati, anaogopa kuliwa. Kwa hiyo kila kipande cha mawe kinakuwa kama kijiji kilichofungwa: watu wanaoana wao kwa wao miaka maelfu, mwisho wanapata sura yao. Leo wanahesabu zaidi ya rangi 100 za Tropheus tu. Kilometre kumi mbele, rangi inabadilika.

Wachimbaji wataelewa haraka. Mulima huu unatoa kasiterite safi, mulima wa ngambo ya bonde unatoa yenye kuchanganyika. Udongo ni jirani, mali si moja.

Waliowapa majina

Samaki wa Moore walipofika London, George Boulenger wa British Museum aliwaandika mwaka wa 1898. Mumoja wao alimuita Tropheus moorii, kwa kumuheshimu Moore. Wavuvi wa ziwa walikuwa na majina yao tangu zamani, lakini hayakuingia mu vitabu vile.

Kisha Wabelgiji wakaanza. Mwaka wa 1946 na 1947 walizunguka ziwa lote kwa mashua wakichunguza maji na samaki. Max Poll alikuwa ndani ya safari hiyo, na mwaka wa 1956 alitoa kitabu kinene juu ya sikilidi wa Tanganyika. Ku Uvira, Georges Marlier alifanya kazi mu kituo cha utafiti cha IRSAC, akachunguza samaki wa kando ya ziwa. Mwaka wa 1959 alitangaza Tropheus duboisi, samaki wa Bemba, upande wetu wa Congo, kusini ya Uvira. Mpaka leo Uvira iko na kituo cha utafiti wa maji, CRH, ambacho wanafunzi wengi wa Kivu wanakijua.

Mutu aliyefungua mulango wa biashara ni Mubelgiji Pierre Brichard. Alikuwa amefanya kazi ya samaki wa rangi ku Léopoldville, njo Kinshasa ya leo. Mwanzo wa miaka ya 1970 alihamia Bujumbura, akaanza kutuma samaki wa Tanganyika mu dunia. Kitabu chake kikubwa juu ya samaki wote wa ziwa kilitoka mwaka wa 1989. Kuna samaki waliobakia na jina lake, kati yao Neolamprologus brichardi na Tropheus brichardi.

Mutoto hafanani na baba

Sasa tuingie mu kazi yenyewe: namna ya kumutambua samaki. Tuanze na Tropheus duboisi, kwani ni yeye mwalimu muzuri kuliko wote.

Mutoto wa duboisi ni mweusi kabisa, mwenye nukta nyeupe mwili mzima, sawa usiku wenye nyota. Ni muzuri sana. Mununuzi anamupenda, anamulipa bei kubwa, anamupeleka nyumbani. Miezi inapita. Nukta zinaanza kupotea moja moja. Kichwa kinageuka buluu, na katikati ya mwili kunatokea mukanda mweupe ao wa manjano, kufuatana na mahali alipotoka. Mwenye sanduku anafikiri wamemuibia, wamemuuzia samaki mwingine. Hapana. Ni yuleyule, amekua tu.

Kwa hiyo swali la kwanza si "ana rangi gani?" Swali la kwanza ni "ana umri gani?" Rangi ya mutoto ni moja, rangi ya mukubwa ni ingine. Tena samaki akiogopa, rangi inafifia. Dume akishindwa mu pigano, anakuwa wa kijivu. Taa ya sanduku nayo inageuza rangi. Mutu anayeuza kwa kufuata rangi peke yake anauza kivuli.

Ubaya wa pili: samaki wawili wanaweza kufanana rangi na wasiwe ndugu wa karibu. Ku Bemba kuna Tropheus mweusi mwenye mukanda wa rangi ya machungwa. Ku Kiriza, upande wa Ubwari mu Fizi, kuna mweusi mwenye mukanda wa manjano. Hao wawili wanahesabiwa kuwa jamaa moja, na kwa muda mrefu hawakuwa hata na jina la sayansi; wanaitwa tu Tropheus mweusi, na jina la kijiji linaongezwa nyuma. Duboisi mukubwa naye ni mweusi mwenye mukanda. Anayetazama haraka atawaweka wote mu mufuko mumoja. Anayetazama vizuri ataona kwamba duboisi ana kichwa cha buluu na mudomo mwembamba, na wenzake wako na mudomo mupana uliogeukia chini, kama jembe la kukwangua mawe.

Kuhesabu miba na magamba

Rangi ikikosa, hesabu inasaidia. Samaki anashikwa pole, mu maji, anahesabiwa.

Tropheus annectens, ambaye Boulenger alimuandika mwaka wa 1900 toka Kalemie, wakati ule wanaiita Albertville, iko na miba 4 tu mu pezi la chini karibu na mukia. Tropheus moorii iko nayo 5 ao 6. Miba haigeuki kwa woga, haigeuki kwa taa. Ni kama unga wa jiwe: unasugua, unapata jibu.

Mufano mwingine ni ule samaki munene mwenye kibyongo mu kipaji, mwenye mikanda ya buluu-nyeusi juu ya mwili mweupe. Wanamuita frontosa, kwa jina kamili Cyphotilapia frontosa. Huyu anafika santimetre 30 na zaidi, na bei yake ni ya juu. Karibu miaka mia moja walifikiri ziwa lote liko na aina moja. Mwaka wa 2003, Wajapani Takahashi na Nakaya walionyesha kwamba wa kusini ni aina ingine, wakaiita Cyphotilapia gibberosa. Alama yao ni ndogo sana: ubavuni mwa samaki kuna mistari miwili mirefu ya matundu madogo, anayotumia kusikia maji yanavyotikisika. Kati ya mustari wa juu na wa chini, frontosa iko na safu 2 za magamba, gibberosa iko na safu 3. Safu moja tu ya magamba, lakini ni samaki mwingine.

Hata wadogo kabisa wako na alama. Kuna samaki anayeishi ndani ya nyumba ya konokono aliyekufa. Jina lake Neolamprologus multifasciatus. Jike lake halipiti sana santimetre 3, na ni kati ya sikilidi wadogo kuliko wote mu dunia. Mwaka wa 1992 Heinz Büscher alitangaza ndugu yake, Neolamprologus similis. Jina hilo maana yake "mwenye kufanana". Wote wawili wana mistari mingi ya kusimama. Tofauti ni mu kichwa: mistari ya similis inaendelea mpaka kichwani, ya multifasciatus inaanza nyuma ya mashavu. Samaki wa urefu wa kidole cha mutoto, lakini mwenye jicho anaweza kuwatenga.

Kukosea jina kunaua

Mutu anaweza kusema: basi, jina ni jina tu, samaki ni samaki. Hapana. Jina la kweli njo linakuambia samaki anakula nini na anakaa na nani.

Tropheus anakwangua majani madogo juu ya mawe, kutoka asubuhi mpaka jioni. Matumbo yake ni marefu, yamezoea majani. Ukimupa chakula cha nyama mingi, tumbo linavimba, anaacha kula, anakufa. Na kwa kuwa wanaishi makumi kwa pamoja, ugonjwa unaweza kumaliza sanduku nzima. Lakini wale wadogo wa mu konokono wanakula vidudu vya maji. Ukiwapa majani tu, watakonda. Mutu aliyeandika jina baya ku mufuko amekwisha kuwaua, hata kama wamefika hai.

Kuna na hasara ingine. Ukiweka Tropheus wa vijiji viwili mu sanduku moja, wataoana. Jike linabeba mayai machache mu mudomo, karibu mwezi muzima, na watoto watatoka wazima. Lakini hawatakuwa wa Bemba wala wa Kiriza. Ni sawa na kumwaga koltani ya milima miwili mu mufuko mumoja: huwezi tena kuitenga. Anayetafuta Bemba hatawanunua.

Kijiji mu Ulaya, feza wapi?

Bemba, Kiriza, Kavala, Moba, Kapampa. Majina haya yanajulikana na watu mu Ujerumani na mu Amerika ambao hawawezi kuonyesha Kalemie ku karte. Frontosa wa buluu wa Moba na Kapampa wanaitwa mpaka leo "Blue Zaire". Inchi ilibadilisha jina mwaka wa 1997, lakini samaki walibakia Wazairwa.

Kazi ya kuwashika ni nzito, na wachimbaji wataona kwamba inafanana na yao. Muvuvi anaingia chini ya maji na wavu. Frontosa wanaishi mara mingi kati ya metre 20 na 50. Samaki akipandishwa mbio toka huko, hewa iliyo mu kibofu chake inavimba, inamupasua ndani. Inafaa apandishwe kidogo kidogo, kwa vituo. Muvuvi mwenyewe akipanda mbio, hewa inatengeneza mapovu mu damu yake, na hiyo inaweza kumulemaza maisha yote ao kumuua. Wale waliofanya kazi ya zahabu chini ya muto, na mupira wa hewa mu mudomo, wanajua hatari hii.

Na mali inatoka wapi? Kwa miaka mingi, sehemu ya samaki wa upande wa Congo ilivuka maji na kupandishwa ndege ku Bujumbura. Mu makaratasi, samaki anakuwa wa mahali alipopanda ndege, si wa mahali alipozaliwa. Sisi wa Kivu hatuhitaji mwalimu wa kutueleza jambo hili. Tumeliona kwa zahabu, tumeliona kwa koltani, na njo sababu etikete zilianza kufungwa ku mifuko.

Lakini tuangalie vizuri: mu biashara ya samaki, etikete iko ndani ya mwili wa samaki mwenyewe. Karatasi inaweza kusema uongo, mukanda wa machungwa wa Bemba hausemi uongo kwa mwenye kujua kuusoma. Munene wa biashara huko ngambo anajua kuusoma. Muvuvi aliyemushika, kama hajui, anauza kwa hesabu ya vichwa.

Matope yanafuta majina

Kuna jambo moja la mwisho, nalo linatugusa sisi wenyewe tunaochimba.

Mwaka wa 1993, Mwamerika Andrew Cohen na wenzake walitoa utafiti walioufanya kando ya ziwa, upande wa kaskazini, mu Burundi na mu Zaire ya wakati ule. Walilinganisha fasi zenye maji safi na fasi zenye kupokea udongo unaoshuka toka milima iliyokatwa miti. Fasi za udongo mingi zilikuwa na aina chache za viumbe. Ni rahisi kuelewa: udongo unashuka juu ya mawe, majani madogo yanazikwa, na Tropheus hana tena cha kukwangua. Hawezi kuhamia mawe mengine, kwani tumesema havuki muchanga. Rangi inayoishi ku kipande kimoja cha mawe inaweza kwisha pale pale, na haipatikani fasi ingine ya dunia.

Ku Ziwa Victoria, mwaka wa 1997, watafiti Seehausen, van Alphen na Witte walionyesha jambo lingine. Jike la sikilidi huko linachagua dume kwa rangi. Maji yakijaa uchafu na giza, jike halioni tena vizuri, aina zinachanganyika, mwisho aina mbili zinakuwa moja. Maana yake matope hayaui tu samaki: yanafuta majina yao.

Udongo unatoka ku mashamba, ku barabara, ku miti iliyokatwa kwa makala. Unatoka pia ku kazi ya kusafisha muchanga wa madini mu muto. Hatusemi watu waache kazi yao. Watoto wanakula kwa kazi hiyo, na shule inalipwa nayo. Lakini kuna tofauti kati ya kusafishia ndani ya muto, na kuchimba dimbwi kando, maji yakae, udongo ushuke, kisha maji ya juu yarudi muto. Kazi ya dimbwi ni ya siku moja ao mbili kwa watu wachache. Kwenye mito inayoshuka Tanganyika, dimbwi lile linaokoa mawe ya chini, na mvuvi anayeishi ku mulango wa muto ni mara mingi ndugu ya yule anayechimba juu.

Maswali matano

Kwa wasomaji wetu walio na ndugu kule Uvira, Fizi, Kalemie ao Moba, tunaweka hapa maswali ambayo mwenye kujua anauliza kila mara. Kata karatasi hii, uwatumie.

1. Ameshikwa wapi? Kijiji gani, mawe gani, kina gani? Liandikwe siku ileile, kabla ya kuchanganya na wa fasi ingine.

2. Ana umri gani? Mutoto na mukubwa wanaweza kuwa na rangi mbili tofauti.

3. Mudomo wake uko namna gani? Mupana wa kukwangua, ao mwembamba? Mudomo unasema chakula.

4. Hesabu inasema nini? Miba ya pezi la chini, safu za magamba, mikanda ya mwili. Rangi inakuja nyuma ya hesabu.

5. Anaishi na nani? Mu mawe, mu muchanga, ao mu konokono? Peke yake ao kwa kundi?

Simu yenye kamera inatosha kwa kuanza: picha moja ya ubavu, samaki akiwa ndani ya kioo chenye maji safi, na jina la kijiji chini ya picha. Mwenye picha hamsini za namna ile anaweza kuzionyesha wataalamu wa CRH ku Uvira na kuuliza. Anaweza pia kuzungumza bei na mununuzi akiwa anajua anachouza.

Toka Kiwanja mpaka Uvira ni safari ndefu: Goma, ziwa Kivu, Bukavu, kisha bonde la Ruzizi. Lakini hata Kivu yetu inabeba zawadi ya Tanganyika. Sambaza tunayenunua sokoni Goma aliletwa toka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, na leo familia nyingi zinaishi juu yake. Huyo tulimujua jina haraka, kwa sababu anaingia mu sufuria. Wale wa rangi wanaobaki ku mawe ya Bemba na Kiriza, watu wa mbali wanawajua kwa majina ya vijiji vyetu. Wakati umefika na sisi tuwajue, kabla matope hayajawafikia.